Si Joto, Si Baridi

Yuma, Arizona
2 Septemba 1984

Baba,

Risasi zimefika salama. Dereva wa lori la ng'ombe alizileta hadi mlangoni, akanywa maji yangu yote ya baridi huku akinisimulia habari za magoti yake. Nashukuru sana. Wenzangu wa kazi hapa kwenye mifereji ya umwagiliaji hununua risasi zao dukani, na kila mwaka sanduku lako likifika huja kulitazama kwa wivu.

Nina jambo moja, na tafadhali usinikasirikie. Jumamosi nilikwenda nazo jangwani kurekebisha shabaha. Ya kwanza ilinipiga teke la punda. Ya pili ikafanya komeo la bunduki ligome kufunguka, nikaligonga kwa kiganja mpaka kiganja kikavimba. Ganda lilipotoka niliangalia fataki ya kuwashia baruti kitakoni mwake, ilikuwa imelala bapa, imetandaa hadi ukingoni. Wewe ndiye uliyenifundisha maana yake: baruti imesukuma kupita kiasi. Nikaacha palepale.

Nadhani ni hili joto. Usukani wa gari haushikiki bila kitambaa, na sanduku lilikaa kwenye kiti tangu asubuhi. Wewe ulizijaza bandani kwako Chinook penye ubaridi, baruti haikujua kwamba inakuja motoni. Je, unaweza kunipunguzia kidogo zile zijazo?

Msalimie Ardith. Mwambie bado namdai kofia yangu.

Mwanao,
Wendell

*

Chinook, Montana
14 Septemba 1984

Wendell,

Kwanza hicho kiti cha gari. Nimekulea, nimekufundisha, nimekusomesha, nawe unaacha risasi kwenye kiti cha gari kiangazi cha Yuma. Mama yako angekuwa hai angesema akili umezichukua upande wangu.

Nitakukumbusha kwa sababu umesahau. Baruti iliyopata joto huungua haraka na msukumo hupanda. Iliyopata baridi huungua kivivu, risasi huchelewa na kuangukia chini ya pale ulipolenga. Hao wanaoandika vitabu vya vipimo hupimia kwenye chumba chenye joto la kupendeza, wamevaa mashati safi. Sisi tunawinda na barafu kwenye ndevu. Ndiyo maana kipimo changu cha juu cha baruti nakitafuta siku ya jua kali kabisa la Julai, kisha risasi nyingine nazilaza kwenye friza pamoja na njegere za Ardith, hata akipiga kelele, na kuzijaribu asubuhi zikiwa bado zina umande. Anayetafuta kipimo cha juu mwezi wa Januari anajichimbia kaburi la Julai.

Hata hivyo limenishangaza. Kipimo hicho nimekitumia tangu wewe ukiwa unanyonya, na Julai haijawahi kukilalamikia. Basi labda joto la huko ni la aina yake. Nimekupunguzia, na yule mtu wa magoti atakuletea sanduku jipya akipita.

Usiache risasi kwenye kiti cha gari. Mama yako angekuwa hai angesema akili umezichukua upande wangu.

Baba yako,
Selmer Nygaard

*

Chinook
18 Novemba 1984

Wendell,

Kofia yako ilichukuliwa na upepo mwaka juzi. Acha kuidai.

Nimerudi kutoka kuwinda mikono mitupu, na nina uchungu ambao siwezi kumwambia Baba, kwa hiyo nautupa kwako. Siku ya pili ya msimu nilimpata ayala dume kwenye korongo la nyuma ya kwetu. Alikuwa amesimama ubavu, umbali ambao hata wewe usingemkosa. Nikalenga nyuma ya bega. Nilimpiga mguu, Wendell, chini kabisa, nikaona unavyoning'inia. Nikapiga tena, theluji ikaruka mbele ya kwato zake. Nilifuata damu mpaka jioni, na kesho yake theluji mpya ilikuwa imefunika kila kitu. Sikumpata. Mbweha watakuwa wamemmaliza, na si kwa haraka.

Nilipomsimulia Baba alivua miwani akasema baruti ilipigwa na baridi. Akaniuliza nilizibeba wapi. Wapi tena? Kwapani, chini ya shati la pili, kama tulivyofundishwa tangu hatujui kusoma. Kila Nygaard msimu wa kuwinda hunuka kwapa na shaba. Zile risasi zilikuwa na joto kuliko mimi mwenyewe. Nikamwambia hivyo, naye akatikisa kichwa akasema, "Basi ni baridi tu," kana kwamba sikusema kitu.

Nikajiambia ni yale masikio yake. Milio ya bunduki imeyamaliza, simu kwake siku hizi ni kama pambo la ukutani. Lakini nikikupigia mimi, simu iko jikoni na yeye yuko jikoni, na hilo moja tusilotaka asikie ndilo atakalolisikia. Ndiyo maana naandika.

Dada yako,
Ardith

*

Yuma
9 Desemba 1984

Ardith,

Pole sana kwa yule ayala. Najua ulivyo, utamwota mpaka majira ya kuchipua. Usijitese. Baridi ya huko hata kwapa lina mipaka yake.

Mimi nami nina kisa. Lile sanduku alilonipunguzia Baba nililiweka makusudi, nikasubiri asubuhi ya ubaridi. Nilivaa koti, jambo ambalo huku huwachekesha watu. Tatu zilikwenda laini, mahali pamoja, kazi ya Baba tunayoijua. Ya nne ilinichubua shavu na kuniziba masikio, na komeo likagoma kabisa. Nimelifungua kwa kuligonga na kipande cha mbao. Fundi wa hapa analitazama, anasema lina ufa na kwamba nina bahati bado nina jicho la kumtazamia yeye.

Nadhani jua lilikuwa limeshaanza kulipiga sanduku. Jua la huku lina hila hata Desemba. Unaonaje, nimwambie apunguze tena kidogo?

Krismasi nategemea kuja.

Wendell

*

Chinook
16 Desemba 1984

Wendell,

Soma barua yako mwenyewe. Isome kwa sauti, na kama hujaelewa kamtafute mtu akusomee. Ulivaa koti.

Mimi niliye kwenye theluji risasi zangu ni legevu. Wewe uliyevaa koti zako zinataka kukutoa jicho. Zote alizijaza mwezi mmoja, kwenye meza moja. Na jua halichagui risasi ya nne likaziacha tatu.

Jana Baba alipokwenda kwa kinyozi niliingia bandani, nikachukua ile nyundo yake ya kung'olea, nikavifungua vichwa vya risasi zangu zilizobaki na kupima baruti ya kila moja. Hakuna mbili zilizolingana. Moja ilikuwa nusu. Moja ilijaa hadi shingoni, kichwa kimeshindiliwa juu yake. Moja ilikuwa na baruti ya bastola, Wendell, ile ya haraka, ambayo tulipokuwa wadogo tulikatazwa hata kuiweka kwenye rafu moja na nyingine. Huyu ni mtu aliyewahi kunirudisha bandani nikiwa nimevaa gauni la harusi, kwa sababu nilikuwa nimeacha kopo wazi. Nilikaa kwenye kigoda chake nikalia mpaka niliposikia gari.

Leo nimemwangalia akifanya kazi, nikijifanya natafuta koleo. Anamimina baruti kwenye ganda. Anainuka kwenda dirishani kusoma kipimajoto, maana hajawahi kumimina bila kujua hali ya hewa. Akirudi, mikono haikumbuki ilikuwa wapi, anamimina tena kwenye ganda lilelile. Inamwagika, anaifuta kwa kidole na kuendelea, akipiga mluzi. Uso wake una raha kama zamani, na sikuweza kumwambia neno.

Njoo Krismasi. Mimi peke yangu siwezi.

Ardith

*

Yuma
27 Desemba 1984

Dada,

Umeshajua kwamba sikuja. Wametupanga zamu za malango ya maji na hakuna wa kunishikia. Hiyo ni kweli, ingawa najua unaisoma huku umekunja mdomo.

Nimefikiri sana kuhusu uliyoandika. Ile mizani yake ni ya kabla ya vita, na macho nayo si yale. Mzee yeyote akipewa mizani mbovu atapima vibaya. Nimemnunulia mpya, nzuri, yenye namba kubwa. Itafika hivi karibuni. Tumpe nafasi kabla hatujamhukumu.

Na tafadhali usimwambie kitu. Banda lile ndilo lililobaki la maisha yake. Ukimwambia, utakuwa umemzika angali anakula.

Wendell

*

Chinook
11 Januari 1985

Wendell,

Mizani imefika. Baba aliifurahia sana Jumanne. Alhamisi aliifurahia tena, kwa furaha ileile, akaniuliza nani kaileta.

Unajua kila majira ya kupukutika humpelekea sanduku kila jirani anayewinda kwenye barabara yetu. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kuyakusanya. Mzee Bratten alinicheka, akasema ningemwomba meno yake angeyatoa kwanza. Nikamweleza ukweli. Akaleta sanduku, na mkewe akaniongezea keki. Afadhali wangeendelea kunicheka.

Halafu nikaficha baruti. Usiniulize kwa nini sikufanya hivyo mapema, nimefanya na nimejuta. Alipoikosa hakugomba. Alivaa buti, akachukua gari, akaenda kununua nyingine, barabara ikiwa kioo cha barafu. Watu wa Harlem, ule mji wa jirani, walimkuta amekaa ndani ya gari lililozimika, akisubiri duka lifunguliwe, duka ambalo lilifungwa wewe ukiwa shule ya msingi. Vidole viwili vya mguu vimepigwa na baridi. Daktari anasema huenda vitapona.

Nimeirudisha baruti mahali pake. Unaelewa nilipofikia? Nampikia, namfulia, namtibu vidole, na kila siku nasikia mluzi bandani nikijua anachojaza mle. Nikimzuia atakufa barabarani, nisipomzuia ataua mtu. Nawe unaniambia nisiseme.

Nimesema. Jumapili nilimwambia kila kitu. Alinibishia mpaka chakula kikapoa, akanitajia joto, akanitajia baridi, akaniambia mimi sijawahi kujua kulenga. Jumatatu hakuwa na kumbukumbu kwamba tumegombana. Alinikaangia mayai.

Ardith

*

Chinook
20 Januari 1985

Mwanangu Wendell,

Naandika asubuhi hii kwa sababu asubuhi hii niko vizuri, na Ardith amekwenda mjini. Nisomee mpaka mwisho.

Nilikuta kwenye pipa la banda risasi zangu zimevunjwa. Nikadhani kuna mtu anajifunza kazi kwa kuniibia, nikacheka. Kisha nikachukua za kwangu mwenyewe, za juzi, nikazivunja na kuzipima. Mtu aliyezijaza risasi zile, angekuwa kijana wa kazi, ningemtoa bandani kwangu na kumwambia asikanyage tena. Nilizipima mara ya pili kwa mizani mpya ambayo sijui imetoka wapi. Ni nzuri sana.

Najua ni nini. Mama yangu aliondoka hivyohivyo. Kwa muda nimekuwa nikisingizia hali ya hewa, na uzuri wa kisingizio hicho ni kwamba ni kweli: joto hupandisha, baridi hushusha, hakuna wa kukubishia. Nimejificha nyuma ya kipimajoto muda mrefu kuliko ninavyoweza kujua.

Nimeamua kuacha. Lakini ninaona nimeshaamua hivyo kabla, maana kwenye droo nimekuta kikaratasi cha mwandiko wangu kinachosema "Selmer, acha." Nakumbuka nilipokiona, si mara moja. Nilidhani ni mzaha wa Ardith, nikakitupa kwenye droo na kuendelea na kazi. Ninaacha jioni, Wendell, na asubuhi anaamka mtu ambaye hajaambiwa.

Kwa hiyo nakuomba wewe uniandikie. Niambie niache, na usinilainishie. Barua hiyo nitaigongomea ukutani juu ya meza, usawa wa macho. Ardith nitabishana naye kwa sababu yuko mbele yangu na nimeshazoea. Mwandiko wangu siuamini tena. Wako nitauamini, kwa sababu wewe hujawahi kunipinga hata siku moja, hata pale ulipopaswa. Ukifika mahali pa kuniandikia hivyo, nitajua ni kweli.

Fanya upesi. Sijui asubuhi kama hii nitapata ngapi.

Vidole vya mguu vinaniuma na hakuna anayenieleza kwa nini.

Baba yako,
Selmer Nygaard

*

Yuma
1 Februari 1985

Baba,

Ni mimi Wendell. Acha kujaza risasi. Usijaze hata moja.

Si joto, si baridi. Ni kumbukumbu yako. Unamimina baruti mara mbili kwenye ganda moja, na unachanganya makopo. Risasi zako zimeipasua bunduki yangu, na nusura zinitoe jicho. Ardith amelazimika kuzikusanya kwa majirani ili asife mtu.

Uliniomba mwenyewe nikuandikie haya, tarehe 20 Januari, ukiwa na akili zako timamu. Hukumbuki, lakini ni kweli. Usimlaumu Ardith.

Toka bandani sasa hivi, funga mlango, nenda ukanywe kahawa.

Nakupenda.

Wendell

*

Chinook
24 Februari 1985

Wendell,

Barua yako inafanya kazi. Tangu aigongomee ukutani hajajaza hata risasi moja. Nilidhani nitaimba.

Sasa nikueleze inavyofanya kazi. Kila asubuhi akishakula huvaa koti na kwenda bandani akipiga mluzi. Mluzi unakatika. Mwanzoni nilikuwa nachungulia dirishani, siku hizi siwezi. Anasimama mbele ya karatasi, anavua kofia, anaisoma yote, anaisoma tena. Anafunga mlango kama ulivyomwambia na kuja jikoni, na uso wake, Wendell, ni uso wa mtu aliyepata habari ya msiba. Ananiuliza jambo moja tu.

"Wendell ana macho yote mawili?"

Namwambia anayo. Ananiuliza kama nina hakika. Namwambia nina hakika. Anakaa na kahawa yake. Mchana habari hiyo imeshamfutika, yuko mzima, ananitania kuhusu upishi wangu. Kesho yake anaamka na kwenda kuambiwa upya.

Mtu hufiwa mara moja, akalia, akazoea. Yeye hapewi nafasi ya kuzoea. Jana nilisimama pale na koleo la misumari mkononi ili niing'oe, nikashindwa kuing'oa na nikashindwa kuiacha kwa amani. Niambie la kufanya. Wewe ndiye uliyeiandika.

Ardith

*

Yuma
5 Machi 1985

Dada,

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Mwenzangu wa zamu amenipeleka kula samaki ili nichangamke, nikamharibia chakula chake.

Sijui la kufanya. Nimeandika nyingine, imo humu ndani. Nimemwambia kwamba baridi imezidi, baruti haitapimika vizuri, bora asubiri joto lipande ndipo afanye kazi. Hiyo haimuumizi mtu, na ni lugha anayoielewa. Ing'oe ile, weka hii. Akiisoma kila asubuhi ataona ni habari za hali ya hewa tu, atarudi jikoni akiwa na amani.

Nitakuja Aprili. Nimeshawaambia kazini, wapende wasipende.

Wendell

*

Chinook
20 Machi 1985

Wendell,

Niliweka barua yako laini. Kwa siku chache ilikuwa kama ulivyosema. Alisoma, akaenda dirishani kutazama kipimajoto, akakubaliana nawe, akarudi jikoni akisema kijana yule bado ana akili. Mimi nilikula vizuri kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Kisha ukavuma ule upepo wetu wa joto. Theluji yote ya paa ikashuka kabla ya saa nne. Nilikuwa kwa Bratten nikiwasaidia kuzalisha ng'ombe. Baba aliisoma barua yako, akatazama kipimajoto, akaona joto limepanda, akatii. Alijaza sanduku zima na kuandika jina lako juu yake. Nimelivunja lote. Sitakueleza nilichokikuta.

Nimeirudisha ile ya kwanza. Nimeigongomea mimi mwenyewe, misumari minne. Usiniandikie nyingine.

Kuna jambo nilikuficha, kwa sababu nilidhani litakuumiza bure. Akishamaliza kahawa yake, kabla haijafutika, huchukua karatasi na kukujibu. Kila siku. Ananipa niipeleke posta, ananikumbusha niweke stempu. Siwezi kukutumia zote, na siwezi kuchoma hata moja. Hii ni ya jana. Ukiwa umeisoma hii umezisoma zote.

Njoo Aprili.

Ardith

*

Chinook
19 Machi 1985

Mwanangu Wendell,

Nimepata barua yako leo. Sikujua. Nakuapia sikujua.

Ardith ananiambia macho yako ni mazima, nami namwamini, lakini ningependa uniandikie mwenyewe kwamba ni mazima. Bunduki tutanunua nyingine. Nimejaribu kukumbuka nilizijazaje zile risasi na siwezi, na hilo peke yake linatosha kunionyesha kwamba unasema kweli.

Najua haikuwa rahisi kwako kuniandikia. Wewe tangu mtoto ulikuwa hutaki kumwambia mtu jambo litakalomsononesha, ulikuwa ukivunja sahani unajificha ghalani mpaka njaa ikutoe. Leo umenikabili kama mtu mzima. Nimeumia, lakini ninajivunia, na nataka ujue yote mawili. Usilale ukifikiri nimekukasirikia.

Banda nimelifunga. Sitajaza tena hata moja, hiyo ni ahadi, na unajua sijawahi kukuvunjia ahadi. Usinihurumie mno. Mtu akishaambiwa jambo waziwazi anaweza kulibeba.

Nina lawama moja tu, ndogo. Ungeniandikia mapema. Ningeacha siku ileile.

Baba yako,
Selmer Nygaard